Kikapu Kwenye Foleni ya H

Wapo watu duniani wanaolala nje kwenye majani, na blanketi na chupa ya kahawa, ili asubuhi waingie ukumbini kutazama dakika chache za filamu ambayo baada ya miezi kadhaa wataitazama yote, wakiwa sebuleni kwao, miguu juu ya stuli. Nilikuwa nikisimuliwa habari zao nikidhani ni chumvi. Kisha nikawaona mjini San Diego, Marekani, kwenye tamasha la Comic-Con, na sikuwaona kwa mbali. Nilikuwa katikati yao na kikapu changu cha ukili, kwa sababu mpwa wangu alisema, "Shangazi, twende tu ukatazame, hutachoka."

Mpwa wangu anaishi City Heights, mtaa wenye Wasomali na watu wengine wa upande wetu wa Afrika, ambako mtu hununua sambusa bila kuulizwa sambusa ni nini. Nilikwenda kumsalimia. Yeye alikuwa na mipango yake. Beji za Comic-Con haziuzwi mlangoni: zinanunuliwa kwenye mtandao miezi mingi kabla, kwa jina lako mwenyewe, na unakaa mbele ya kompyuta kwenye chumba cha kusubiri kisichokuwepo, ukiomba uitwe kabla hazijaisha. Waliohudhuria mwaka uliotangulia hupewa nafasi ya kwanza. Wageni hugombea zinazobaki. Huyu mtoto alipogundua kwamba wenye miaka 60 na zaidi hupunguziwa bei, alinikumbuka kwa mapenzi ya ghafla, akaniandikisha, akanijulisha baadaye.

Sasa nieleze tamasha lenyewe lilikotoka, maana si dogo: kila Julai hukusanya watu zaidi ya 130,000. Mwaka 1970 lilikuwa kama familia ya wapangaji wa chumba kimoja. Shel Dorf, mtu mzima aliyehamia San Diego kutoka Detroit, aliungana na vijana wa hapo waliopenda vitabu vya katuni, wengine wakiwa bado shuleni. Machi wakajaribu siku moja kwenye hoteli ya U.S. Grant, katikati ya mji. Agosti wakarudi hapo hapo kwa siku tatu, wakapata watu kama 300, na wageni wa kutosha kuwafanya watu wazima wawaonee wivu: Ray Bradbury, mwandishi wa Fahrenheit 451, na Jack Kirby, mchoraji aliyemleta Captain America pamoja na Joe Simon, na Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, pamoja na Stan Lee. Baada ya hapo familia ikawa inazaa na vyumba havitoshi. Wakahamia chuo kikuu La Jolla, wakahamia hoteli ya El Cortez iliyoko mlimani, wakahamia ukumbi wa mji, hadi 1991 walipoingia kwenye jengo kubwa la mikutano lililo kando ya ghuba. Hapo ndipo walipo mpaka leo, na tayari wanabanana.

Jengo hilo lilisanifiwa na Mkanada Arthur Erickson, na juu ya paa ametandika matanga meupe, ukilitazama kwa mbali utadhani linangoja pepo za kusi. Mbele yake kuna barabara ya Harbor Drive na reli ya treni za mjini. Ng'ambo ya reli ni mtaa wa starehe wa Gaslamp. Kuvuka hapo ni kazi. Wahubiri wa mtaani wameinua mabango ya moto wa jehanamu, na mbele yao anapita shetani mwenye pembe nyekundu amemshika mtoto wake mkono, wote wawili wana beji shingoni.

Ndani, kumbi za chini zimepewa herufi, A hadi G, lakini hazina kuta kati yake: ni pango moja refu, na njia zake zimehesabiwa kwa mamia, kutoka mia na kitu upande wa A hadi elfu tano na ushei upande wa G. Nilipotembea mle ndani nikaona kitu ambacho mpwa wangu, kwa miaka yote aliyohudhuria, hakuwa amekiona kwa sababu yeye hukimbia. Ukitaka historia ya Comic-Con huhitaji kitabu. Tembea kutoka A kwenda H, ukumbi ulio ng'ambo ya G.

Upande wa A wamo wauza vitabu vya zamani, wale wale wa mwaka 1970, au watoto wao. Makasha yamepangwa mezani, vijitabu vimevikwa plastiki kimoja kimoja, na wazee wenye miwani wanavipekua kwa ncha za vidole. Hakuna foleni. Hakuna kelele. Nilichukua kijitabu cha 1963 ambacho jalada lake lilionyesha bei ya senti 12, nikaanza kukitoa kwenye plastiki yake nisome. Muuzaji hakusema neno. Alinyanyuka tu, akiwa na uso wa mtu aliyeona mtoto amekaa ukingoni mwa kisima. Ndipo nikaona kibandiko cha bei ya sasa, nikakirudisha kwa mikono miwili. Bei ile Tanga unapata bati za nyumba.

Katikati ndiko kwenye kampuni kubwa za katuni, filamu, televisheni na vinyago. Huko huendi, unapelekwa. Kinyago kinachouzwa kwenye tamasha hilo peke yake watu hukitafuta kama dawa, na wengine hawakinunui kwa ajili ya kuchezea: sanduku halifunguliwi, litauzwa kesho kwa bei nyingine. Nilimkanyaga mbwa mwitu mkia. Aliniomba radhi yeye.

Hollywood haikuingia humu kwa bahati. Mwaka 1976, tamasha likiwa bado El Cortez, mtu wa matangazo aitwaye Charles Lippincott alikuja kuzungumzia filamu ambayo ilikuwa bado haijatoka, akauza mabango yake kwa bei isiyofika dola mbili. Filamu yenyewe ilikuwa Star Wars. Iliposhika dunia mwaka uliofuata, wenye studio walianza kuwatazama wapenzi wa katuni kwa jicho jingine. Kuanzia hapo kila muongo filamu imesogea hatua moja mbele na vitabu vikasogea hatua moja kando.

Upande wa mwisho, karibu na G, wamewekwa wachoraji. Kila mmoja ana meza yake, kalamu zake na kikombe chake cha chai iliyopoa. Wao ndio waliozaa haya yote, na wamepangwa ukutani kabisa. Ng'ambo ya ukuta huo ni H, na mara kwa mara kishindo cha maelfu ya watu wanaopiga kelele kinawafikia wakiwa wameinamia karatasi. Mimi ningeomba nihamishwe.

H ilikuja jengo lilipopanuliwa mwaka 2001, na Comic-Con ikaanza kuitumia kwa vikao vyake 2004. Inaingiza watu zaidi ya 6,000, na waigizaji wakubwa wa dunia hupanda jukwaani humo. Lakini ina mambo mawili yanayoleta balaa yote. Kwanza, mlango wake uko nje, kwa hiyo foleni yake ni ya juani: inaanzia kwenye mahema, inakata kona, inaifuata ghuba, inapotea machoni. Pili, kikao kikiisha ukumbi hauondolewi watu. Anayetaka kikao cha alasiri huingia asubuhi, akavumilia vikao vya watu asiowajua, akilinda kiti chake. Siku hizi hugawa mikanda ya mkononi jioni ya kuamkia siku yenyewe, na bado wapo wanaolala.

Mpwa wangu aliponieleza haya kwa sauti ya kunionea huruma, nilicheka. Mtu aliyekuwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 hafundishwi foleni. Tulipanga ya sukari, ya sabuni, ya unga, ya khanga. Mwaka ule wa 1983, wahujumu uchumi walipokuwa wakisakwa, watu walikuwa wakiona mstari wanajiunga kwanza, kisha ndipo wanauliza kinachotolewa. Na wala hakuna aliyesimama mwenyewe kutwa nzima. Uliweka jiwe, au kopo, au kikapu, ukaenda kupika, na kikapu kiliheshimiwa kama mtu mzima.

Basi tulipojiunga na foleni ya H na kufika mahali imetulia, mpwa wangu ameshakwenda kutafuta maji, nami nikahisi haja ya kwenda msalani. Nikaweka kikapu changu chini, nikakipangusa, nikaondoka na roho nyeupe.

Niliporudi, foleni ilikuwa imegawanyika. Kikapu kimekaa peke yake katikati ya duara la saruji, watu wamerudi nyuma, na Batman anazungumza kwenye simu kwa sauti ya chini. Marekani mzigo usio na mwenyewe hauheshimiwi, unaogopwa. Nikapenya, nikakiinua, nikakifunua wote wakakodoa macho. Sambusa. Kimya kidogo, kisha wakaanza kucheka, na mimi nikafanya ambalo mtu yeyote wa kwetu angefanya: nikazigawa. Batman alikula tatu, akavua kinyago ili ale vizuri, na kumbe ni mzee wa makamo mwenye kipara na adabu nyingi. Tangu hapo nafasi yangu kwenye foleni ilikuwa na walinzi.

Dada mmoja mwenye mabawa akaliangalia dera langu na ushungi, akanisogelea kwa heshima kuomba picha. "Wakanda?" akauliza. Nikamwambia, "Tanga." Akatikisa kichwa taratibu, kwa namna ya mtu anayekubali kwamba ni wilaya ya jirani.

Kilichobaki kilikuwa mpwa wangu. Watu wengi kiasi kile wakiwa pamoja, simu hazishiki vizuri; ujumbe wake ulinifikia umechelewa: "Shangazi niko kwenye ngazi kubwa za nyuma, utaniona tu." Asubuhi alikuwa amevaa nguo za Spider-Man kuanzia wayo hadi utosi. Nikamwachia Batman nafasi, nikazunguka jengo. Kwenye ngazi zile zinazotazama ghuba walikuwa wamekusanyika kupiga picha ya pamoja Spider-Man warefu, wafupi, wanene, wa kike, na mmoja mjamzito. Nikawatazama nyonga, nikawatazama miguu, sikupata. Nikashika kiuno, nikaita kwa sauti ya kuitia mtoto magharibi, jina lake la utotoni, lile aliloniapisha nisilitaje mbele za watu, na ndiyo maana hapa pia silitaji. Wote waligeuka. Mmoja tu aliinamisha mabega.

Tuliingia H mwishoni mwa mchana. Mle ndani, mwaka 2010, mtu alichomwa kalamu karibu na jicho katika ugomvi wa kiti. Mpwa wangu aliniambia hayo tukiwa tunakaa, nami nikamwachia jirani yangu sehemu yote ya kuegemeza mkono. Taa zikazimwa. Kiti laini, giza, kiyoyozi: nililala. Niliamshwa na vifijo, nikauliza nani kafika, nikaambiwa ameshaondoka.

Kwa hiyo shauri langu kwa atakayejaliwa beji ni hili. Vaa viatu vya kutembea, vile vya harusi viache nyumbani. Anzia A, si H. Nunua mchoro kwa mchoraji wa G, maana hapo unazungumza na aliyeuchora na anakuandikia jina lako. Na kama unakitaka kitabu cha zamani, usikinunue Alhamisi. Ngoja Jumapili mchana, tamasha likikaribia kufungwa na wauzaji wakifikiria uzito wa kurudisha makasha yale nyumbani: saa hiyo bei inazungumzika.