Busara kwa Wasio na Muda wa Kuteseka

Ndugu yangu, najua unataka kubadilika. Najua pia kwamba ungependa kubaki na usingizi ule ule na kiburi kile kile. Hakuna shida. Sogea karibu nikuelekeze, ila yaishie hapa hapa.

1. Chagua mwalimu asiyeweza kuja kukukagua. Walikale, mashariki mwa Kongo, wanaye mzuri: Mwindo, shujaa wa Wanyanga. Mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alimsimulia, akamwimba na kumcheza kwa siku 12, mtafiti Daniel Biebuyck akiandika. Kitabu kikatoka mwaka 1969, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene. Siku 12! Wewe zikutoshe dakika 12. Litaje jina, tikisa kichwa polepole, endelea.

2. Hapa twende taratibu, pana utelezi. Mwanzoni Mwindo ni mtu wetu kabisa. Alizaliwa anatembea na kusema, usinga wake mkononi, na kila alipofika alijitangaza kuwa ndiye yule aliyezaliwa akitembea. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Akamfungia ndani ya ngoma, ngoma ikatupwa mtoni. Ikaibuka yenyewe. Mpaka hapo iga yote, hasa kujitangaza.

Balaa linaanza akishaliua joka Kirimu. Kumbe joka lina rafiki, Nkuba, mwenye radi. Nkuba akampandisha Mwindo angani, akakaa huko mwaka mzima. Mvua ikamnyeshea, mvua ya mawe ikampiga, jua likamchoma, na huko juu hakuna aliyetaka kusikia habari za ushujaa wake. Aliposhuka majivuno yalikuwa yamekwisha. Akawapa watu wake sheria: limeni vyakula vya kila aina, jengeni nyumba nzuri, msigombane, msimcheke kilema.

Umeiona njia ya mkato? Sheria zenyewe zinaenea kwenye karatasi moja. Beba karatasi, mvua ya mawe mwachie Mwindo.

3. Tafuta mandhari. Vilima vya Masisi, siku barabara ikiruhusu, vina majani na ng'ombe kana kwamba viliumbwa kwa ajili ya simu yako. Mpe mpiga picha mgongo, tazama mbali. Ng'ombe mmoja anatosha. Wakizidi, watu watadhani umekuja kufuata jibini. Jibini nunua, bila shaka, lakini uile njiani. Mtu aliyeongoka haonekani akitafuna.

4. Ukialikwa barazani kwa wazee, nyamaza. Wenye hekima hunyamaza, wasio na la kusema hunyamaza pia, na kwa mbali hawatofautiani. Wakikugeukia, sema: "Wazee wangu, nilikuwa nawasikiliza ninyi." Utasogezewa kiti. Usiongeze neno, utaharibu.

5. Ukishapata jina, fundisha. Somo linalolipa ni lile la kuachana na vitu vya dunia, na linapendeza zaidi likisemwa hotelini, chai ya maziwa ikipita. Usithubutu kulipeleka kwa waliokimbia vita. Mama aliyetoka Masisi na sufuria moja, godoro kichwani na mtoto mgongoni, akarudi kwake, akakimbia tena, atakusikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha atauliza: "Na wewe, papa, umeachana na nini?" Kwa swali hilo sina njia ya mkato. Nimeitafuta.

6. Sasa msamehe mtu. Chagua aliyekukosea kidogo, msamehe mbele ya watu wengi, na sauti ifike mpaka nyuma. Aliyekukosea sana mwache kwanza, bado unamhitaji kwa hadithi zako za jioni.

7. Mwisho, tangaza kwamba fedha hazikushughulishi tena. Waambie wanaokudai, tena upesi. Unaowadai wewe, wasisikie kabla hawajalipa.