Sifa za Mwanakikundi wa Kumi

Wapo waliousifu mnazi, wapo waliolisifu jahazi. Mwanachuo asiyegusa kazi ya kikundi hajapata hata ubeti mmoja, na hiyo ni aibu kwa nchi yenye vyuo vikuu vingi kama yetu. Mimi niliyeishi naye shahada nzima nina haki ya kuanza.

Ni mkarimu. Ukituma rasimu kwenye kundi la WhatsApp, hukosi kidole gumba na "pamoja sana wakuu". Ni mvumilivu pia wa mitihani ya dunia: umeme wa mtaani kwao hukatika kila palipo na kikao, na bando lake halijawahi kuvuka usiku wa kugawana maswali.

Lakini sifa yake kuu ni kujua saa ya kutokea. Hawahi akawasumbua wanaoandika, wala hachelewi kazi ikatoka bila yeye. Mko steshenari, foleni imefika mlangoni, dada wa mashine ameshapanga karatasi na mkono uko kwenye kipanya. Hapo ndipo simu inapotetemeka: "Mmeniweka?" Yanafuata majina yake matatu na namba ya usajili, mikwaju yote mahali pake. Mkishamweka, anaomba apigiwe picha ya jalada ahakiki. Anaikuza, anaikagua kama ofisa uhamiaji aliyeshika pasipoti yenye mashaka, anagundua herufi moja ya jina la babu yake imeruka. Dada anasonya, anafungua faili upya. Katika kazi yote, hilo ndilo sahihisho lake pekee, na haki ya Mungu, lilikuwa sahihi.

Siku ya kuwasilisha anakuja na suti. Sisi tuliokesha tunapiga miayo. Yeye kalala, sauti inamtoka vizuri, kila baada ya sentensi mbili ni "sisi katika utafiti wetu". Mhadhiri akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu. Alama zikatoka sawa kwa wote.

Kisha mwenzetu huyo akaniuliza kwa nini zile grafu hazikuprintiwa za rangi. Za rangi! Hela ya kuprinti na kubaindi niliitoa kwenye boom lililokuwa linakata roho, yeye hakuchangia hata shilingi ya stepla, halafu anataka rangi.

Tulikwenda ofisini kuomba jina lake litolewe. "Malizaneni wenyewe," mhadhiri akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Mkiajiriwa mtafanyaje? Kidole kimoja hakivunji chawa." Hakusema inakuwaje pale chawa anapokuwa mmoja wa vidole.

Mambo haya si mageni kwa wasomi. Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya kuwavutisha watu kamba. Walipokuwa wanane, kila mmoja alivuta takriban nusu tu ya nguvu ambazo angezitoa akiwa peke yake. Mhadhiri wetu anamfahamu Ringelmann. Alitufundisha habari zake, na swali juu yake lilitoka kwenye mtihani. Na bado alitupanga kumi kumi.

Sababu yake ni hesabu ya darasa la tatu. Ukumbi wetu ulikuwa na watu 300. Kila mmoja akiandika yake, kuna kazi 300 za kusoma. Wapange kumi kumi, zinabaki 30, na hizo 270 zilizoyeyuka zinaitwa stadi za ushirikiano kwenye mwongozo wa kozi. Chuo kinadahili bila kuongeza walimu, mwalimu anapunguza makaratasi, na kijana wa watu mwenye usingizi mzuri ndiye anabebeshwa lawama zote.

Tulipotoka ofisini tulisimama kwenye ubao wa idara. Ilibandikwa makala mpya ya kitaalamu yenye majina matano, la mhadhiri wetu likiwa la mwisho. La kwanza lilikuwa la msaidizi wake, ambaye ndiye aliyekuwa akizisahihisha zile kazi 30.