Na Hiyo Italeta Nini?

Mtu akistaafu huku kwetu Kisii na Nyamira, anaruhusiwa ndoto nne: kuku wa mayai, avokado, samaki, au kugombea kiti cha MCA. Ya tano haipo. Ukiileta ya tano hakuna atakayekukataza. Watu watakutazama tu, kisha mmoja wao akuulize kwa upole kama umepima presha hivi karibuni.

Mimi nilileta ya tano. Nilisema nataka kujifunza kupiga obokano.

Kwa msomaji wa mbali, obokano ni kinubi chetu cha nyuzi nane, kikubwa, kimewambwa ngozi, na sauti yake inanguruma hadi mbavuni. Nilimsikia mzee mmoja akikipiga harusini nilipokuwa mtoto, nikaapa nitajifunza nikimaliza shule. Nikamaliza, nikaingia chuo cha ualimu. Nikasema basi, nikipata kazi. Kazi ikaja na karo ya wadogo zangu, karo ya wadogo zangu ikaja na karo ya wanangu. Nikasema nitajifunza nikistaafu, nikifika miaka 55. Mwaka 2009 serikali ikasogeza umri wa kustaafu hadi 60. Wenzangu walishangilia majlisini. Mimi nilikuwa nahesabu miaka mitano mingine ya kusahihisha insha ya "Siku Ambayo Sitaisahau", ambayo kila mtoto huikumbuka kwa namna ile ile.

Siku ya kuniaga, kila aliyeshika kipaza sauti alimtaja mzee Maruge. Siku hizi huwezi kufikisha miaka 60 Kenya bila kutajiwa Maruge. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, na sare yake ya shule, kwa kuwa elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bila malipo mwaka uliotangulia. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Wasemaji walipiga makofi, nami nikapiga. Wazo likanijia kwamba hapa ndipo pa kutangaza obokano yangu, nikaitangaza. Makofi yakaisha. Mwenyekiti wa bodi akakohoa, akasema mwalimu ana ucheshi mwingi, na sasa tumkaribishe anayefuata atuambie habari za mashine ya kutotolea vifaranga.

Maruge angezaliwa kwetu angeulizwa kwanza darasa la kwanza linalipa shilingi ngapi.

Wale wa siasa walikuja jioni. Walikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa Nyachae. Simeon Nyachae alichaguliwa mbunge mwaka 1992 akiwa na miaka 60, na mwaka 2002, akiwa na miaka 70, akawania urais. Gusii ikampa kura zake, sehemu kubwa ya Kenya iliyobaki ikampa Kibaki. "Kwa hivyo mwalimu, wewe bado kijana." Nikawakumbusha kwamba Nyachae alitoka kuwa Katibu Mkuu wa serikali nzima na alikuwa tajiri kabla ya kuomba kura hata moja, nami cheo changu kikubwa kilikuwa mwalimu wa zamu. Walisema pesa si neno. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu akisema pesa si neno, anazungumzia zako.

Maana pesa zangu zilikuwa na wenyewe kabla sijaziona. Sheria inamruhusu mstaafu kuchukua robo ya pensheni yake kwa mkupuo, na ile robo yangu kijiji kilikuwa kimeshaipangia. Shemeji aliigeuza kuku mia tano. Jirani akaiona avokado aina ya Hass, akatoa simu kunionyesha picha za masanduku yakipakiwa kwenda Ulaya. Nikamwuliza nizipande wapi. Shamba langu, kama la kila mtu hapa, ni ukanda uliotoka barabarani ukateremka hadi mtoni: chai juu, migomba katikati, mikaratusi chini, na wanangu wawili wakingojea kila mmoja apate upande wake. Labda niipande hiyo Hass paani.

Binamu yangu ndiye wa samaki. Yeye alianza mapema, wakati ule serikali ilipozindua mpango wa kufufua uchumi mwaka 2009, ikaahidi mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Akachimba la kwake, akanunua chakula cha samaki, akaweka mlinzi wa usiku, akawa hazungumzi lolote ila perege. Leo bwawa lile linatoa nduma nzuri kupita zote hapa Kebirigo, na vyura wake wanasikika hadi kanisani. Hakuna aliyemwita kichaa. Alipoteza pesa zake kwa njia inayokubalika na jamii.

Hata kukimbia tu ni shida. Kuna mstaafu mwenzangu aliyeanza kukimbia asubuhi kwa ushauri wa daktari. Hapa ni Gusii, nyumbani kwa Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kule Mexico mwaka 1968. Ungedhani tungeheshimu mbio. Kila boma analopita wanatoka wakimwuliza amefariki nani.

Basi nikanunua obokano kimyakimya, kwa fundi wa upande wa Bobasi, na kosa pekee lilikuwa la usafiri: hakuna kimyakimya ndani ya Probox. Pale stejini Kisii, dereva alikitazama chombo, akatamka kwamba huyo ni abiria, alipe. Nikamlipia. Akakiweka kiti cha mbele ili ngozi isije ikatoboka, na mimi mwenye miaka yangu na mvi zangu nikabanwa nyuma katikati ya mama wa mboga na gunia la makaa. Hadi Nyamira tulijadili mali yangu. Ni ya kuuzia wazungu? Hapana. Ni ya hoteli? Hapana. Kaunti inalipa wapigaji? Hapana. "Sasa, omogaka," akauliza mama wa mboga kwa huruma kabisa, "na hiyo italeta nini?" Nikasema italeta sauti. Akanishika goti, akasema Mungu yupo.

Mke wangu aliuliza swali lile lile, ila yeye alisimama mlangoni akiuliza. "Baba Kwamboka, tumemaliza karo mwaka jana tu." Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, jambo la kutia hofu, kisha akasema sawa, ila Jumamosi kisilie, na usiku kisilie, na wageni wakija kikae ghalani. Ukiondoa Sabato, usiku na wageni, na mvua yetu ya kila alasiri inayolegeza ngozi, nabakiwa na asubuhi kati ya chai na ng'ombe. Mzee wa kanisa naye alipita kuulizia afya yangu. Aliulizia pia kama chombo kile kina uhusiano wowote na pombe. Nikamjibu kwamba kikinywa nitamwarifu.

Anayenifundisha ni kijana mdogo kuliko kitindamimba wangu. Ana adabu, ananiita "tata", halafu ananisahihisha bila huruma. "Tata, unavuta uzi kama unavuta sikio la mtoto." Nilinyamaza. Vidole vyangu vimezoea chaki. Vikiambiwa vitatu viende huku na viwili kule, vinaitisha mkutano. Lakini kuna asubuhi moja nyuzi nne zilikubaliana, ukasikika mstari mzima wa wimbo, na ng'ombe akaacha kutafuna. Nasema kwa uhakika kwamba aliacha.

Huenda ningefika mbali, kama habari zisingewafikia wazee wenzangu. Walikuja wanne, wamevaa kofia. Walisema wamefurahi mno, kwamba utamaduni wetu unakufa, kwamba mtu mmoja hawezi kuubeba, na kwamba kikundi kikisajiliwa kuna fedha za wazee mahali fulani. Tukaunda Kikundi cha Obokano. Mwenyekiti hajawahi kugusa uzi. Mweka hazina anaamini zipo sita. Mimi, kwa vile nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu unasomeka, nilichaguliwa katibu bila kupingwa.

Tunakutana kwangu, asubuhi, kati ya chai na ng'ombe. Chombo tumekihamishia kona ili viti vitoshe. Katika kikao kilichopita mwenyekiti alieleza kwamba muziki bila mtaji haufiki popote, kwa hivyo michango ya miezi ya kwanza tutanunulia hema na viti vya plastiki vya kukodisha matangani, na muziki utafuata. Hoja ikapendekezwa, ikaungwa mkono. Mjadala mrefu ulikuwa wa rangi, na nimeandika kwenye kumbukumbu kwamba wanachama waliafikiana viti viwe vyeupe, vyenye mikono.