Yah: Ombi la Kuhamishiwa Idara ya Mbwa

Rugaaga, Wilaya ya Isingiro, Uganda

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC),
Atlanta, Georgia, Marekani

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kutoka Rubondo, upande wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale ulio jirani na mji mdogo wa Rugaaga. Barua hii inahusu mbwa. Imeanza kwa kusema hivyo makusudi, isije ikapotea njiani. Huku watu wamekwisha kujua kwamba karatasi inayomhusu mtu huzunguka miaka, ilhali fomu ya mbwa hujazwa kwenye simu na risiti yake ikarudi kabla chai haijapoa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Watasema. Rangi yake ni ya udongo mwekundu. Sikio moja limesimama, la pili limekwisha kuchoka. Mama mwenye nyumba alimpa jina hilo kwa ajili ya majirani. Mbwa akiitwa jioni, ujumbe unafika wenyewe bila ugomvi. Mama huyo na wanawe sasa wako Marekani. Walipanda ndege wakati mlango ungali wazi. Kaka yake, ambaye watoto humwita Mjomba, kesi yake ya kuhamia Marekani ilifunguliwa peke yake, nayo ikabaki nyuma. Aliachiwa ploti, nyumba, sufuria mbili na mbwa.

Mtoto wa mwisho anamlilia mbwa. Kwa hiyo ukoo umefanya kikao cha WhatsApp, nusu Rubondo na nusu Marekani, kuamua kama mbwa aagizwe kutoka ng'ambo. Ng'ambo yenyewe, kwa walioko Marekani, ni Rugaaga.

Masharti yako yaliyoanza tarehe 1 Agosti 2024 yanaeleweka hata na msomaji wa Rubondo. Mbwa awe ametimiza miezi 6. Awekewe chipu chini ya ngozi, kitu kidogo kama punje ya mchele, yenye namba yake peke yake. Baada ya chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa kuwa Uganda imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya ugonjwa huo, damu yake ichukuliwe zikishapita siku 30 tangu chanjo ya kwanza, ipimwe katika maabara uliyoikubali, kisha zipite siku 28 kabla ya kuingia. Ashukie kwenye kiwanja cha ndege chenye kituo cha kupokea mbwa kilichosajiliwa, kama New York, Atlanta, Miami au Dulles. Akikosa kipimo cha damu, atawekwa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe, halafu atatoka.

Mjomba alisomewa masharti hayo kwenye simu, akawa anahesabu kwa vidole: chipu, chanjo, 30, 28. Alipomaliza aliomba asomewe tena. Hesabu alikuwa ameielewa. Alitaka tu kusikia kwa mara ya pili ofisi ya Marekani ikitaja siku.

Kutafuta chipu kulimpeleka Mbarara. Watasema alipanda boda ndani ya gunia la mahindi, kichwa kikiwa nje, kisha wakaingia kwenye taksi. Konda alimtazama, akatangaza kwamba mbwa anayekaa kwenye kiti analipa kiti. Mjomba akalipa viti viwili. Mwanamke mmoja mwenye mkungu wa matoke hakutaka kukaa na mbwa, wakabadilishana: mbwa akapata dirisha, mkungu ukapakatwa na Mjomba hadi mjini. Daktari wa mifugo aliuliza umri wa mbwa, akauliza kama amewahi kung'ata mtu, akachoma sindano, akaandika kadi. Kazi yote haikuzidi robo saa.

Hakuna aliyemuuliza Watasema mwaka aliokimbia Masisi, huko Congo, kisha akamuuliza tena baada ya miezi 8 ili aone kama jibu halijabadilika.

Mjomba ameulizwa. Mkimbizi anayependekezwa kwenda Marekani huhojiwa na UNHCR, ambayo Wakongomani wa hapa bado huiita HCR. Akahojiwa na kituo cha maandalizi chenye makao Nairobi. Akahojiwa na maofisa wa uhamiaji wa Marekani wenyewe. Kisha zinafuata karatasi za usalama na uchunguzi wa afya. Wa afya kwa kawaida hudumu miezi 6, na kwa wengine 3 tu. Ukingoja za usalama, wa afya umeisha muda. Ukirudia wa afya, za usalama nazo zimechacha. Mwisho wa yote mtu hutia saini kwamba atalipa nauli ya ndege kidogo kidogo akishafika. Watasema hatadaiwa.

Haki itendeke kwa ofisi yako. Kichaa cha mbwa si mzaha: Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wa Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Marekani ilitangaza mwaka 2007 kwamba imekitokomeza kichaa kile kinachoenezwa na mbwa kwa mbwa. Mwezi Juni 2021 shehena ya mbwa kutoka Azerbaijan ilishushwa Chicago, kumbe mmoja wao ana kichaa hicho. Mwezi uliofuata ukafunga mlango kwa mbwa wa nchi zaidi ya 100. Hapo hakuna wa kukulaumu.

Lakini tazama ulivyoufunga. Sababu ilitajwa, orodha ikatolewa, vibali vya pekee vikawepo, na mwisho wake ukaja na masharti mapya yenye tarehe. Binadamu walifungiwa kwa namna nyingine. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump alitia saini agizo la kusitisha mpango wa kupokea wakimbizi. Lilianza kutumika tarehe 27, na safari zilianza kufutwa hata kabla ya siku hiyo. Agizo hilo nalo lina hesabu yake: kila siku 90 iandikwe ripoti kuhusu kama mpango ufunguliwe tena. Mwenye kuhesabiwa siku ni ripoti.

Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kundi la Waafrikaner kutoka Afrika Kusini, wasiofika 60, lilitua Dulles. Kikao cha ukoo kilishangilia kusikia jina la kiwanja, maana kimo kwenye orodha ya Watasema. Mwezi Oktoba ikatangazwa kwamba nafasi za mwaka wa fedha 2026 ni 7,500, kutoka 125,000 za mwaka uliotangulia, na sehemu kubwa imetengewa Waafrikaner haohao. Mjomba aliuliza kama kuna chanjo ya kumfanya mtu awe Mwafrikaner, na zinatakiwa siku ngapi baada ya sindano.

Lipo jambo moja katika masharti yako ambalo wazee wa Nakivale wamelijadili hadi usiku. Mbwa hahukumiwi kwa mahali alipozaliwa. Kinachoangaliwa ni nchi alizokaa katika miezi 6 iliyopita. Mbwa wa Rugaaga akikaa miezi 6 katika nchi isiyo na hatari, Urugaaga umemtoka.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, ikapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Tangu hapo wamekuja Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia. Wapo watu waliozaliwa humu, wakaoa humu, wakazika humu, na kadi zao bado zinasema Burundi au Somalia, nchi wasizowahi kuziona. Katiba ya Uganda, ibara ya 12, inamnyima mtoto wa mkimbizi, hata mjukuu, haki ya kusajiliwa raia kwa sababu tu amezaliwa hapa. Na Juni 2025 Marekani ilipotangaza nchi ambazo raia wake wamezuiwa kuingia, Somalia na Eritrea zilizuiwa moja kwa moja, Burundi kwa sehemu. Miezi 6 inamtosha mbwa. Kijana wa Kisomali wa Base Camp, upande mwingine wa kambi hii, miaka 25 haijamtosha.

Kikao kilikuwa na pendekezo la pili: wamwache Watasema na kumnunulia mtoto mbwa wa hukohuko. Binamu mmoja aliyekwisha kuzoea Marekani alipendekeza Basenji, mbwa mdogo mwenye mkia uliojikunja, ambaye habweki kama wenzake. Alituma picha. Rubondo nzima ilicheka, kwa sababu ni mbwa wa Congo. Wazungu walianza kuwapeleka Uingereza karne ya 19. Wawili walioonyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mwaka 1895 walikufa kwa maradhi. Wengine walioonyeshwa huko mwaka 1937 walifana. Damu ya mbwa hao ilipoonekana kupungua Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa huko walifunga safari hadi kaskazini mashariki mwa Zaire kuchukua wengine, na mwaka 1990 kitabu cha ukoo wa mbwa hao kikafunguliwa upya ili wageni waandikwe.

Jina lenyewe, anayejua Kiswahili analisikia: washenzi. Huku mbwa koko huitwa hivyohivyo na hufukuzwa kwa jiwe. Kule ana nasaba iliyoandikwa, na aliyefuatwa Congo alifunguliwa kitabu. Mama alikataa. Alisema hawezi kulipa dola kwa Mkongomani aliyetangulia.

Pendekezo la tatu ni mbwa abaki. Lakini mbwa anakula, na hayumo kwenye kadi ya familia. Mwaka 2020 posho ya fedha ya Shirika la Chakula Duniani ilishuka kutoka shilingi 31,000 kwa mtu kwa mwezi hadi 22,000. Tangu 2023 watu wamegawanywa kwa makundi, na wengine hawapati kitu. Mjomba humega ugali wake. Hilo nalo limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Basi, Mheshimiwa, ukoo unaomba mambo matatu. Kwanza, kwa kuwa ni ofisi yako hiyohiyo ambayo kwa miaka mingi imeandika masharti ya mbwa na pia miongozo ya uchunguzi wa afya za wakimbizi, faili la Mjomba lisogezwe meza moja, liwekwe upande wa mbwa. Yuko tayari kwa chipu. Pili, apewe siku, hata zikiwa nyingi. 28 akiambiwa ni miaka, ataanza kuhesabu. Tatu, ikiwa mawili hayo hayawezekani, aandikwe msindikizaji wa Watasema, naye ataahidi kutong'ata mtu.

Wakati jibu linasubiriwa, karatasi zote zimewekwa kwenye mfuko mmoja wa nailoni uliotundikwa juu ya kitanda, panya wasizifikie. Za Mjomba zimejaa mihuri. Ya mbwa ni moja, kadi ya daktari wa Mbarara, yenye mstari wa tarehe ya kurudi kwa sindano nyingine mwakani, nao umejazwa kwa kalamu ya bluu. Mjomba ameinakili tarehe hiyo kwa mkaa kwenye ukuta wa udongo, karibu na mlango. Haijapata kuwepo nyingine ya kuandika hapo.

Wako mtiifu,
kwa niaba ya kikao cha ukoo, Rubondo

Nakala: Watasema