Maombi ya Kuihamishia Nchi Dawati la Michezo

Kwa Wahariri wa Magazeti, Redio na Televisheni,
Kupitia Jukwaa la Wahariri Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA KUHAMISHIA SHUGHULI ZOTE ZA UMMA KWENYE DAWATI LA MICHEZO

Ndugu Wahariri,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msomaji na msikilizaji wenu wa siku nyingi, mkazi wa Dar es Salaam, abiria wa daladala. Timu ninayo, ila siitaji hapa. Nikiitaja, nusu ya nchi itaitupa barua hii na nusu nyingine itaisifu bila kuisoma.

Naanza na pongezi. Machi 8, 2025 Dabi ya Kariakoo haikuchezwa. Simba walisema usiku wa kuamkia siku hiyo walizuiwa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi ya mwisho, kwa hiyo hawapeleki timu. Bodi ya Ligi ikaahirisha mchezo. Yanga wakaenda uwanjani hivyohivyo, kudai haki yao. Ilikuwa siku ya aibu kwa mpira wetu, na siku tukufu kwa uandishi wa habari.

Maana ndani ya saa chache mlikuwa mmeshika Kanuni za Ligi. Mkazisoma. Naomba nirudie, kwa kuwa jambo lenyewe ni adimu: waraka rasmi ulifunguliwa na waandishi wa habari, ukasomwa mpaka kwenye vifungu vidogo. Kanuni ya 17 ikawa maarufu kuliko wabunge wengi. Konda wa Gongo la Mboto aliacha kudai nauli akaniuliza kama haki ya timu mgeni kufanya mazoezi uwanjani ni haki kweli au ni hisani ya mwenyeji, na abiria watatu wakamjibu kwa kunukuu. Mliwatafuta mawakili, mliwatafuta waamuzi wastaafu, mliwatafuta viongozi wa zamani wa zamani. Geti la uwanja lingekuwa na mdomo, nalo mngelihoji.

Na hamkuchoka. Mlilibeba sakata lile siku 109, mpaka Juni 25 mchezo ulipochezwa, Yanga wakashinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Katikati yake shauri lilivuka bahari hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, kule Lausanne, mji ambao ukawa unatamkwa redioni kama kituo kinachofuata baada ya Buguruni.

Hapo ndipo mlipotuumbua sisi watetezi wenu. Miaka yote, mtu akilalamika kwamba habari zetu ni "waziri amesema, mkuu wa mkoa ameagiza", tulikuwa tunawakingia kifua. Tulisema jamani, waandishi hawa hawana fedha za kufuatilia jambo, sheria hawakuisomea, vyanzo vinawafungia milango, na mhariri ana kurasa chache. Kumbe fedha zipo. Sheria mnaijua. Milango mnaigonga saa sita za usiku. Na kurasa, Mungu awazidishie, hazijawahi kuisha.

Mwezi mmoja baada ya dabi kuyeyuka, ulizuka ugomvi mwingine wa kanuni. Aprili 12, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza kwamba CHADEMA hakikusaini Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, hivyo hakitashiriki Uchaguzi Mkuu. Tazameni mfanano wenyewe: ratiba ipo, kanuni zipo, timu moja haikutokea mezani, bodi imetoa uamuzi, na mashabiki hawaelewani. Mliandika, sikatai. Tume imesema, chama kimesema, mwanasheria mmoja ametoa maoni, tuelekee kwenye hali ya hewa. Ila katika redio ninazozisikia mimi sikubahatika asubuhi hata moja kuwakuta watu wanne wakinyang'anyana kipaza sauti juu ya kifungu gani hasa kinachomtoa asiyesaini, adhabu inafika wapi, rufaa ipo au haipo, na kama ipo anaiamua nani. Konda wangu hakuniuliza kitu. Na Uchaguzi Mkuu ni mara moja kwa miaka mitano, wakati dabi ya ligi tunayo kila msimu mara mbili, bila kuhesabu Ngao ya Jamii.

Sababu naijua, na siwacheki kwa hilo. Oktoba 2024 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilisitisha kwa siku 30 leseni za maudhui ya mtandaoni za Mwananchi Communications kwa ajili ya katuni ya The Citizen iliyogusia watu wanaotoweka na kuuawa. Adhabu ikaenda mpaka Mwanaspoti, lisilochora kitu. Gazeti la mpira likala kadi nyekundu kwa faulo ya beki wa gazeti jingine! Mhariri yeyote mwenye watoto wa kusomesha anaelewa somo hilo bila kupigiwa mstari. Ukimbana msemaji wa klabu kwa swali gumu, wasikilizaji wanaongezeka. Ukimbana msemaji wa halmashauri kwa swali lilelile, inakuja barua. Kwa hiyo kwenye mpira mnao uhuru wa habari uliokamilika, wa kupigiwa mfano barani: mnamwita kiongozi mwongo mchana kweupe, mnadai ajiuzulu kabla ya chakula cha mchana, na jioni mnakunywa naye chai.

Ndiyo maana siwaombi ushujaa. Ushujaa nimeona bei yake. Nawaomba uhamisho tu: yote yanayotuuma yapelekwe huko ambako mnaruhusiwa kuuliza.

Pendekezo langu ni tuanze na Msimbazi ya Simba na Jangwani ya Yanga, kwa sababu majina mnayo tayari mdomoni. Siku haipiti bila Msimbazi kutikisika na Jangwani kunoga. Mgeni akisoma vichwa vyenu atadhani hapo pana watu kumi na mmoja kila upande na hakuna mwingine. Basi nina taarifa ya kipekee, chukueni bure: Msimbazi ni mto pia. Unashuka kutoka vilima vya Pugu, unakatiza jiji, unaingia baharini kwenye Daraja la Salenda. Jangwani ni bonde la mto huohuo. Wanaishi watu humo. Desemba 2011 mafuriko ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na kaya za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa palepale bondeni, maji yakaja kama yalivyozoea, mabasi yakaogelea. Mvua zikizidi Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na hapo ndipo mto wetu hupata sekunde zake arobaini katika taarifa ya habari, pamoja na picha ya kijana anayevusha watu mgongoni.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde hilo: daraja jipya la Jangwani, kupanua mto, kubomoa nyumba na kulipa fidia. Pigeni hesabu kwa kipimo chenu wenyewe. Mkataba wa haki za matangazo ya ligi, ambao Azam Media walisaini na Shirikisho la Soka, TFF, Mei 2021, ni Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10, na mliuchambua hadi mgawo wa timu ya mwisho kwenye msimamo. Fedha za mto ni zaidi ya maradufu ya hizo, na sisi ndio tutakaozilipa.

Hebu dawati la michezo lipewe mradi ule msimu mmoja tu. Kwanza zingekuja tetesi: mkandarasi yupi anatua, kaonekana uwanja wa ndege na begi la rangi gani, nani alimpokea. Halafu mkataba: wa miaka mingapi, una kipengele cha kuvunjwa, nani anamlipa nani wakivunjana? Kisha orodha ya fidia, jina kwa jina, nani kaanza kikosini na nani kaachwa benchi bila maelezo. Na siku ya mvua, wachambuzi mezani, picha ikirudishwa polepole, mwamuzi mstaafu akichora mstari: maji yaliotea? Hayakuotea jamani, yalikuwa nyuma ya mstari wake tangu enzi za babu zetu, kibali cha ujenzi ndicho kilichootea. Nani alikisaini? Hapo ningeacha kazi niende kusikiliza.

Ombi langu la pili ni dogo. Tunayo kamati ya ligi ambayo mashabiki wote wanaiita Kamati ya Saa 72, na mnaijua vizuri kwa sababu ikichelewa hata saa moja mnasimama mlangoni kwake na saa mkononi. Mimi ninafahamu mama mmoja mwenye shauri la kiwanja lililoanza mwanawe akiwa chekechea. Kijana sasa ana ndevu. Simamieni na mlango huo pia, hata kama ni baada ya kipindi.

La tatu ni ripoti ya CAG. Mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu aliikabidhi kwa Rais Machi 27, Kanuni ya 17 ikiwa na siku 19 tu mjini na bado ina nguvu za ujana. Ripoti ile ilipata wiki yake, ikapumzishwa. Tatizo lake si ukweli, ni kwamba haina msemaji. Mpeni Ahmed Ally wa Simba kurasa za halmashauri na Ali Kamwe wa Yanga kurasa za mashirika ya umma, wabishane hewani hasara ya nani ni kubwa na nani msimu ujao atarudi na hasara ya kishindo zaidi. Haji Manara, aliyekwishazisemea pande zote mbili, angefaa kuwa mjumbe huru. Nawahakikishia hati yenye mashaka itashonewa jezi.

Najua jibu lenu, kwamba ndicho watu wanachopenda. Inawezekana. Lakini Desemba 2022 mchezaji mmoja, Feisal Salum ‘Fei Toto’, alipotofautiana na Yanga juu ya mkataba wake, mlilishikilia jambo lile asubuhi, mchana na usiku, mpaka Juni 2023 Rais mwenyewe, akiwakaribisha Yanga Ikulu, akawaomba walimalize. Fei Toto akaenda Azam. Hivi kweli mtu mwenye uwezo wa kulichukua shauri la kiungo mmoja na kulifikisha mezani kwa Rais ndani ya miezi sita anatuambia yeye hufuata tu upepo wa wasikilizaji? Wasikilizaji mliwapeleka ninyi, kwa mkono, na walikwenda kwa sababu mliwapa majina, tarehe na vifungu.

Wala msiniambie ni mapenzi ya mpira. Julai 2025 Twiga Stars walitoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini, bingwa mtetezi, kwenye fainali za Afrika za wanawake kule Morocco. Huo ulikuwa mpira, umechezwa kwa miguu, mbele ya watu. Kwenye gari nililopanda tulikuwa tunaelezwa nani kagoma kuongeza mkataba. Mpira usio na mgomo, kikao cha dharura au barua iliyovuja nao umekuwa kama mto: hausikiki mpaka uue.

Kuhusu kubeti nitapita haraka, maana najua ndiko mishahara inakotoka. SportPesa waliidhamini Yanga na M-Bet wakaidhamini Simba mwaka uleule, 2022, na mtangazaji anayetuhuzunisha kwa habari za mwamuzi aliyeuza mechi hututakia baada ya dakika mbili mikeka myema. Sijui kama mdhamini wa aina hiyo anaweza kupatikana kwa ajili ya zahanati. Lakini odi za dawa kuwepo au kutokuwepo Jumatatu asubuhi mbona zinapangika, na mimi ningeweka buku.

Nikipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja tu, ni hiki: mchukueni yule mwandishi wenu aliyelala nje ya makao makuu ya klabu akisubiri kikao kiishe, mmoja tu, na msimbadilishe chochote, wala ukali wake wala kiherehere chake. Mpelekeni kikao cha baraza la madiwani, aambiwe ni kikao cha usajili. Asishtuliwe mpaka ameleta habari.

Wenu katika kusubiri maamuzi ya kamati,

Abiria wa kiti cha nyuma, Gongo la Mboto.

N.B. Kama barua ni ndefu kwa ukurasa, kateni sehemu ya mto. Kanuni ya 17 iacheni.