Viatu Vionekane

Ukimuuliza mtu mahali pazuri pa kupigia picha Zanzibar, atakutajia Forodhani, milango ya Mji Mkongwe na vichochoro vya Shangani. Sina ugomvi na orodha hiyo. Nasema tu kwamba walioitunga hawakwenda na shangazi yangu.

Shangazi anakaa Morogoro, na sharti lake la picha amelitoa kwa wapiga picha wa studio wa enzi zake: mtu apigwe mzima, kuanzia kilemba hadi kisigino. Picha ya kuishia kifuani, kwake, ni ya pasipoti, na pasipoti hana haja nayo. "Viatu vionekane," ndiyo kauli yake kabla hujafungua hata kamera ya simu. Kwa safari hii alinunua vipya, vya rangi ya dhahabu, vinavyombana vidole, na alikuwa radhi kuteseka mradi ushahidi upatikane.

Sasa Mji Mkongwe haukujengwa kwa ajili ya viatu. Ulijengwa watu wapite kivulini. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zimepanda juu huku na huku, na kuna mahali ukinyoosha mikono unakaribia kugusa nyumba mbili kwa pamoja. Ukitaka mtu mzima aenee kwenye kioo cha simu lazima urudi nyuma, na nyuma kuna ukuta, au baiskeli, au Vespa inayokuja kwa kasi ya mtu mwenye haki zote. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, lakini hatua mbili za ziada kwa ajili ya mpiga picha haikutuachia.

Tulianza na milango, kwa kuwa Shangazi alishaiona kwenye kalenda. Kwa asiyeijua: ile ambayo juu imenyooka, yenye maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti, ni ya mtindo wa Kiarabu; ile yenye upinde na vidude vya shaba vilivyochongoka ni ya Kihindi. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, husimama mfaa, na wenye mji watakwambia fundi hodari hujulikana kwa nakshi za mfaa wake. Shangazi alichagua mlango wa upinde, akaweka mkono kiunoni, akatanguliza mguu mmoja wenye dhahabu. Mimi nikarudi nyuma. "Bado," akasema binti yake aliyekuwa akichungulia simu begani kwangu, "vidole vimekatika." Nikarudi tena. Mgongoni nikahisi ubaridi, halafu harufu ya pilau, halafu chini pakawa na mkeka.

Mlango wa nyumba ya pili ulikuwa wazi na mimi nilikuwa nimeshaingia, makalio yakitangulia. Nikapiga hodi nikiwa nimewapa kisogo. Mzee aliyekuwa amekaa ndani akinywa kahawa hakushtuka hata kidogo.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Lakini hapa petu wageni huingia kwa uso."

Nikageuka, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia nibaki palepale kwani pale ndipo wote wanaposimama. Akanionyesha na tofali lililowekwa kando kwa wafupi. Kama kuna mahali pazuri pa kuupigia picha mlango ule, ni kwenye mkeka wa yule mzee, na nasikitika kwamba siwezi kuwaelekeza bila kumjazia watu nyumbani.

Ile miba ya shaba ina hadithi yake. Husemwa kwamba huko Bara Hindi iliwekwa kuzuia tembo wa vita wasivunje milango kwa vichwa. Zanzibar tembo wa vita hawakuwapo, ila matajiri waliipenda miba kwa fahari yake. Basi imekaa pale miaka nenda rudi bila kazi, hadi Shangazi alipoegemea na kilemba kikanasa. Ilibidi mimi na binti yake tumnasue, mmoja akishika kitambaa, mwingine akishika shangazi. Papasi mmoja, yaani kijana wa kujipendekeza kwa wageni awaongoze, aliyekuwa akitufuata tangu sokoni Darajani, akamsimulia kwa upole habari za tembo. Shangazi akamtazama kwa muda.

"Kwa hiyo mimi ndiye tembo?"

Papasi alijikomboa kwa kujitolea kupiga picha yeye. Alichuchumaa mpaka magoti yakagusa masikio, akaiweka simu karibu na ardhi, akabofya. Viatu vilitoka vikubwa kuliko mlango, na huko juu kabisa, mbali, kulikuwa na kichwa kidogo kinachotabasamu. Shangazi alisema huyo ndiye fundi, akampa elfu mbili.

Kuhusu watu, tahadhari ni fupi: omba kwanza. Mama mmoja aliyevaa buibui alituambia, "Pigeni mlango, mie niacheni," akapita. Akina baba wa kahawa pale Jaws Corner, kona iliyobeba jina la ile filamu ya papa, hawana neno ukiketi, ukanunua kikombe na kashata, ukaacha simu mfukoni kwanza. Ukifika umeinyoosha kama bunduki watakugeuzia migongo wote kwa pamoja. Na karibu na askari au jengo la Ikulu usijaribu hata kupiga picha ya mti.

Shangani tulisimama mbele ya nyumba inayohusishwa na Freddie Mercury. Nikaeleza kuwa ni mwanamuziki mkubwa wa Uingereza, kazaliwa Zanzibar mwaka 1946. Shangazi akauliza kama yumo ndani. Nikasema alifariki 1991. Akavua miwani, akainamisha kichwa, na ndiyo picha tuliyonayo: watalii wote wanacheka na kurusha mikono, katikati yao mama mmoja yuko msibani.

Jioni, Forodhani. Hapa kila mtu huambiwa aje kupiga machweo, na ni kweli jua huzama baharini, upande wa bara, zuri mno. Wasichokwambia ni kwamba ukimweka mtu mbele ya jua hilo anageuka kivuli. "Umepiga gauni," Shangazi alisema alipoonyeshwa, "mwenyewe niko wapi?" Tukamgeuza aangalie bahari ili mwanga umpate usoni, sasa nyuma yake wakaingia wauza mishikaki na moshi wao. Tukahamia ukingoni, wanakojirusha vijana wa mbizi. Kijana mmoja alikuja mbio, akapindua hewani, akaingia majini vizuri ajabu, wakati huohuo Shangazi akafumba macho. Alimsubiri apande ngazi, akamwambia arudie. Akarudia. Safari hii wa kufumba macho nilikuwa mimi.

Mahali penyewe tulipapata tulipokuwa tumeshakata tamaa, kwenye boti ya kurudi Dar. Wakati wa kwenda tulipanda ya asubuhi, na mji mzima ulikuwa mweusi kwa kuwa jua lilikuwa nyuma yake. Mchana mambo hugeuka. Ule mstari wote wa majengo ya barabara ya Mizingani, ya ukingo wa bahari, unatazama magharibi, jua linaupiga usoni, na Beit al-Ajaib ya Sultani Barghash, pamoja na uzio wa matengenezo tuliouona, maana sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, inakaa kwenye fremu moja na Ngome Kongwe. Hakuna Vespa wala moshi wa mishikaki. Na sitaha ya nyuma ina nafasi ya kurudi hatua unazotaka, mradi uache kabla ya kamba.

Shangazi alikuwa ameshavua viatu. Alikataa kupigwa peku.

Kwa hiyo ukienda, chukua boti ya mchana, kaa nyuma, na mwenye viatu vipya mwambie avumilie nusu saa zaidi. Mpiga picha tafuta papasi.