Sifa za Pawasaplai ya Bei Chee

Huku Kagera kusifu ni kazi ya watu wazima. Mwenye kivugo, yaani majigambo ya kishujaa, husimama mbele ya kadamnasi, akataja ukoo wake, akataja vita alivyopigana, akahesabu aliowaangusha, na hakuna anayethubutu kumdai ushahidi. Kwa kibali hicho hicho naomba leo nimsifu shujaa ambaye hajawahi kutungiwa hata ubeti mmoja: pawasaplai ya bei chee, lile boksi la bati linalofungwa ndani ya kasha la kompyuta ya gemu, ambalo vijana wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Isingiro hulinunua mwisho kabisa, kwa chenji iliyobaki.

Tuanze na unyenyekevu wake. Malipo ya kahawa yakitoka na mzee akalegea, kijana huandika orodha. Juu kabisa huweka kadi ya grafiki, kwa sababu ndiyo inayotajwa vijiweni. Hufuata prosesa, hufuata ramu, kisha kasha la kioo lenye feni za taa za rangi, ambazo msimu wa senene ukifika hualika kundi zima dirishani. Halafu hedifoni, halafu kiti chenye mistari myekundu. Pawasaplai hukaa chini ya orodha, baada ya nauli ya mzigo wa basi kutoka Kariakoo. Karibu kila kilichotajwa juu yake kitakula kutoka mkononi mwake, naye hajawahi kulalamika.

Ukoo wake wa karibu ni umeme wetu, na umeme wetu una ukoo mpana. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukila umeme wa Uganda uliokuja kwa njia ya kilovolti 132 kutoka Masaka hadi Kyaka. Kule Murongo, mpakani mwa Kyerwa, maji ya mto Kagera yanazungusha mtambo wa Kikagati wa megawati 14, na Tanzania na Uganda zinagawana kinachozalishwa. Umeme wa namna hii umezoea safari. Waya ukiwa mrefu volti hupungua njiani, na inapofika saa moja jioni, kila nyumba ikiwasha taa, pasi na friji kwa mpigo, hupungua zaidi. Ndipo shujaa wetu anapoitwa vitani.

Pawasaplai za wenye fedha hazina msimamo. Zimeundwa kupokea volti 100 hadi 240, chochote kitakachokuja, bila kuuliza. Shujaa wetu si wa kuyumbishwa. Mgongoni ana swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230, na anataka uchague. Ukimwacha kwenye 230, umeme wa ukutani hugeuka ndani yake kuwa takriban volti 325, ambazo kapasita zake mbili za volti 200 kila moja hugawana bila ugomvi. Lakini mdogo wako akiichezea swichi kwa ukucha ikahamia 115, saketi inarudufisha volti, zinakaribia 650, na kapasita zile hutoa mlio unaosikika hadi jikoni. Moshi hutokea kwenye matundu ya feni, na harufu hukaa chumbani hadi kesho yake. Sijui mwalimu mwingine wa fizikia ambaye somo lake hukumbukwa na mwanafunzi maisha yake yote baada ya kipindi cha sekunde moja.

Sasa nifike kwenye kivugo chake mwenyewe, kwa maana anacho, kimebandikwa ubavuni. Kwa herufi kubwa za dhahabu kimeandikwa: WATI 600. Chini yake, kwa herufi za kutafutia miwani, kuna jedwali, na ndani ya jedwali kuna mstari wa volti 12, na mbele ya mstari huo pameandikwa ampea 15. Zidisha: 12 mara 15 ni 180. Prosesa na kadi ya grafiki hunywa karibu kila kitu kwenye mstari huo mmoja. Mistari ya volti 5 na 3.3 siku hizi ina kazi ndogo. Basi wati 180 ni za kazi, na nyingi ya zile 420 zilizobaki ni za heshima.

"Fundi, kweli hii ni mia sita?" kijana huuliza.

"Mdogo wangu, si imeandikwa?"

Nani ataendelea kubisha? Anayetamba kivugo hatumwambii atuletee maiti tuzihesabu.

Tazameni pia jinsi anavyoleta furaha. Kadi ya RTX 3060 yenyewe hula wati 170, na Nvidia wanashauri pawasaplai ya wati 550. Kijana anasoma 550, anaangalia boksi lake la 600, anaona amebakiwa na akiba ya 50. Mwenzake amepata RX 580 ya mtumba, inayokula wati 185 ikiwa peke yake, yaani zaidi ya mstari wote wa volti 12 kabla prosesa haijaomba chake. Plagi ya pini nane inayotakiwa na kadi haipo kwenye waya za boksi, lakini hilo si tatizo: dukani kuna adapta inayounganisha waya nyembamba zilizokusudiwa diski, na plagi iliyopaswa kupitisha hadi wati 150 ikapatikana kwa bei ya soda. Plastiki ikianza kulainika, ni dalili kwamba vifaa vimeanza kuzoeana.

Msifuni pia kwa wepesi. Mshike kwa mkono mmoja, kisha shika ya bei ghali kwa mkono wa pili, utamhurumia mwenye ghali kwa mzigo aliojitwika. Fungua skrubu nne uone siri. Kwenye ubao wa saketi pamechorwa mahali pa koili ya kuchuja umeme, na koili haipo. Pana kipande cha waya kilichorukishwa kutoka tundu hadi tundu. Pamechorwa mahali pa kifaa cha kumeza volti zinazopanda ghafla. Pako wazi, pasafi, hata risasi ya kuchomelea haijagusa. Katika Karagwe hii ya mfalme Rumanyika, aliyempokea mpelelezi Speke mwaka 1861, hazina ya watawala ilikuwa na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma. Sisi tumeendelea: tumepata chuma kisichokuwepo.

Wivu umewafanya wengine watunge vipimo. Kuna kanuni ya ATX, iliyoletwa na Intel mwaka 1995, ambayo miongozo yake inataka pawasaplai iendelee kulisha kompyuta kwa takriban milisekunde 16 baada ya umeme kukatika, muda unaoitosha UPS kuamka na kushika zamu. Shujaa wetu, mwenye kapasita ndogo, na hasa jioni ambapo volti zimeshuka, haoni sababu ya kungoja. Umeme ukipepesa jicho, naye analala, UPS ikiwepo isiwepo. Kijana aliyekuwa katikati ya misheni ya GTA V anajikuta anatazama kioo cheusi. Mama yake hajui lolote kuhusu milisekunde, ila anajua kwamba mwanawe ametoka nje kugeuza kahawa mkekani kabla mvua haijanyesha. Nyumba ngapi zimepata amani kwa njia hii!

Kuna na nembo ya 80 PLUS, mpango ulioanzia Marekani mwaka 2004. Ngazi yake ya chini kabisa hudai kwamba asilimia 80 ya umeme unaoingia itoke ikiwa na manufaa, mzigo ukiwa mdogo, wa kati au mzima. Shujaa wetu hupenda kutoa joto. Akiwa na ufanisi wa asilimia 65, ili akupe wati 200 atavuta zaidi ya 300 kwenye Luku yako, na tofauti ataipuliza chumbani kupitia feni. Usiku wa Julai pale Kayanga, ukungu ukishuka, atakayekataa huduma hiyo ni nani?

Haki inadai tumlinganishe na mpinzani. Zipo kompyuta za ofisi za mtumba, Dell OptiPlex 9020 kwa mfano, zenye pawasaplai iliyoandikwa wati 290, na kichekesho ni kwamba hutoa hizo hizo 290. Haina taa, haina herufi za dhahabu, na plagi yake ya mazabodi ni ya pini nane za Dell wenyewe, haikubali kuhama nyumba. Mtu mpole huchomeka humo kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, kwa kuwa wati 75 za tundu la mazabodi zinaitosha, akacheza miaka bila tukio. Miaka bila tukio! Kijiweni atasimulia nini?

Na mwisho ni ukarimu wake, ambao huonekana siku ya kufa. Ukanda wetu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Volti zikiruka, pawasaplai nzuri hujizima, na ikibidi hufa peke yake, kwa uchoyo, mazabodi ikabaki nzima. Wa kwetu anajua kwamba kifo cha wengi harusi. Huondoka na mazabodi, huondoka na diski yenye picha za mahafali, na akipata nafasi huondoka na ile kadi iliyokuwa juu ya orodha. Fundi anapata kazi, muuza vipuri anapata mteja, basi linapata mzigo, na msimu ujao wa kahawa unapata shughuli kabla haujachanua.

Shujaa wa namna hii ana adui mmoja tu: mteja anayeanza orodha yake kutoka chini, anayeligeuza boksi, akasoma mstari wa volti 12, akazidisha mwenyewe, akauliza kama linapokea 100 hadi 240, kisha ndipo akatafuta kadi ya kulingana nalo. Wauzaji wenzangu wa sifa, mtu huyo akionekana Omurushaka, mpigieni kelele za kutosha asisikie hesabu yake.